Uza Mapema, Lisha Wachache: Somo la Kondoo na Ng'ombe wa Nyama

Nina neno. Waliotutangulia walisema kwamba la mgambo likilia kuna jambo, na jambo lenyewe leo ni la zizini.

Najua wengine mtauliza, "Sasa huyu, ng'ombe na Kiswahili wapi na wapi?" Ngoja kidogo. Hesabu madawati ya darasa lenu, kisha uulize ni wangapi kati yetu ambao karo yao hutoka zizini. Muhula unapoanza, baba huangalia kundi, humshika mmoja pembe, na safari ya sokoni ikaanza. Kondoo wawili watatu ni sare na vitabu. Maksai mmoja ni muhula mzima. Kwa hiyo mifugo ikifa, si nyama tu inayopotea. Kuna dawati linalobaki wazi, na tumeyaona madawati hayo.

Kuanzia mvua za vuli za 2020 hadi zile za 2022, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo katika maeneo kame ya nchi yetu. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa Kenya. Kwetu ni karibu na Emali, pale Wakamba na Wamaasai hukutana sokoni, na nilikuwa bado shule ya msingi. Harufu ya mizoga kando ya njia ya kwenda shuleni sitaisahau.

Nimeandika makala haya kama somo. Nimeuliza nyumbani, nimemuuliza daktari wa mifugo anayekuja sokoni, na nimesoma. Ninalotaka kuonyesha ni hili moja: mfugaji wa kondoo na ng'ombe wa nyama huokolewa na yale anayofanya wakati nyasi bado zipo. Akingoja ukame umfikie, hata msaada ukija utamkuta na ngozi mkononi. Tahadhari kabla ya hatari.

1. KWA NINI MFUGAJI HUAMBIWA NA HASIKII

Kila ukame ukija, watu wa mjini husema, "Hawa wafugaji si wauze? Wanang'ang'ania ng'ombe wengi wa nini?" Hebu tusiwe wepesi wa kulaumu. Kuna historia hapa, na sisi Wakamba tunaijua vizuri.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba ng'ombe wa Ukambani ni wengi mno na wanaharibu udongo. Ni kweli udongo ulikuwa unamomonyoka. Lakini mashamba mazuri yalikuwa yamechukuliwa na walowezi, na watu na mifugo yao walikuwa wamebanwa mahali padogo. Wakati huo huo kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda kilihitaji ng'ombe. Basi ng'ombe wakachukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Muindi Mbingu akasimama. Watu zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda Nairobi kumwona Gavana Brooke-Popham, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu uhamishoni, lakini serikali ililazimika kuuacha mpango wa kuchukua ng'ombe kwa nguvu. Leo barabara moja katikati ya jiji la Nairobi ina jina lake. Ukipita pale, kumbuka kwamba unapita katika habari ya ng'ombe.

Babu yangu aliyapata hayo kwa baba yake. Nilipomuuliza kwa nini wazee huchukia neno "punguza", alicheka akasema, "Mjukuu wangu, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wale hawakuja kushauriana nasi. Walikuja na kamba."

Ukame wa juzi ulipoanza, daktari wa mifugo alikuja kwetu akamwambia ami yangu auze nusu ya ng'ombe wake. Ami alimjibu kwa heshima, "Sawa, daktari. Lakini ukiniambia niuze, niambie pia nimuuzie nani, kwa bei gani, na pesa nizifanye nini ili nisirudi kuwa maskini." Daktari hakukasirika. Alivuta kigoda akaketi, wakafanya hesabu pamoja hadi jioni. Ami aliuza ng'ombe tisa kati ya kumi na wanne, wakiwa bado na nyama mgongoni. Watano waliobaki waliuona mwisho wa ukame. Jirani mmoja alikuwa na ishirini na tatu, akangoja mvua. Alibakiwa na wawili.

Nilichojifunza ni kwamba ushauri wa kweli una sehemu tatu: lini, nani na wapi. Ukikosa moja, ni kelele tu. Haya, tuzitazame.

2. LINI: HESABU YA NYASI

Wale mnaoikimbia Hisabati, hapa hakuna pa kujificha. Ng'ombe hula kwa siku chakula kikavu cha uzito wa karibu kilo 2.5 kwa kila kilo 100 za mwili wake. Ng'ombe wa kilo 300 basi huhitaji kilo saba na nusu hivi. Kondoo wa kilo 35 huhitaji karibu kilo moja. Kwa hiyo ng'ombe mmoja hula kama kondoo saba au wanane.

Robota moja la nyasi kavu, lile watu wa kwetu huliita beli, tuseme lina kilo 15. Ng'ombe mmoja atamaliza nusu robota kwa siku. Kwa siku 90 za kiangazi ni marobota 45. Mwenye ng'ombe 20 atahitaji marobota 900! Nyumba ya kuyaweka anayo? Pesa za kuyanunua je? Lakini mwenye ng'ombe watano atahitaji 225, na hayo mtu anaweza kuyakusanya akianza mapema. Hapo ndipo jina la makala haya lilipotoka.

Sasa tazama upande wa pesa. Huu ni mfano wa hesabu tu, bei ya soko utaiuliza wewe mwenyewe. Tuseme mnunuzi anatoa shilingi 150 kwa kilo ya ng'ombe aliye hai. Ng'ombe wa kilo 300 ataleta shilingi 45,000. Miezi minne ya ukame ikipita, ng'ombe yule yule amebaki kilo 210, na kwa kuwa kila mtu anauza siku hiyo hiyo, bei imeshuka hadi shilingi 70. Ataleta shilingi 14,700. Mwenye mali amepoteza zaidi ya shilingi 30,000 kwa mnyama ambaye hakufa. Akifa, hizo 14,700 pia hazipo.

Utajuaje kwamba wakati umefika? Usingoje kumwona tai angani. Mvua za vuli zikikosa kufika katikati ya mwezi wa Novemba, au za masika zikikosa katikati ya Aprili, kaa chini na daftari siku hiyo. Tembea malishoni upige hesabu: nyasi hizi zitawatosha wanyama wangapi hadi mvua nyingine? Wanaozidi hiyo idadi wauzwe, na wauzwe wakiwa na nguvu ya kutembea hadi sokoni kwa miguu yao.

Na nyasi nazo huwekwa akiba. Majirani zetu Wamaasai wana desturi nzuri ya zamani iitwayo olopololi. Ni eneo karibu na boma linalofungwa wakati wa mvua lisilishwe, kisha kiangazi kikija hulishwa ndama na wanyama dhaifu wasioweza kwenda mbali. Wengine siku hizi hukata nyasi zikianza tu kutoa maua, wakati zina nguvu, wakazikausha na kuzifunga robota kwa kutumia sanduku la mbao na kamba. Nyasi iliyoachwa hadi ikawa kama fagio hujaza tumbo tu, haina la maana ndani. Kule Kiboko, katika kaunti yetu ya Makueni, kuna kituo cha utafiti cha KALRO kinachoshughulikia nyasi za nchi kavu. Mwenye shamba lililobaki kipara anaweza kuuliza huko ni mbegu gani itakayoota kwake.

3. NANI: AUZWE YUPI, ABAKI YUPI

Hapa ndipo moyo huuma, maana kila mnyama ana jina na hadithi. Lakini daktari alitufundisha mpangilio ufuatao, nami nauandika kama alivyousema.

(a) Wa kwanza kwenda ni madume ya ziada na maksai walionenepa. Hawazai, na bei yao sokoni ni nzuri.

(b) Wa pili ni majike wazee, tasa, na wale ambao kila mwaka huleta shida.

(c) Wanaobaki ni mitamba mizuri, majike wanaozaa na kunyonyesha vizuri, na dume mmoja bora. Hawa ndio mbegu. Mvua ikirudi, kundi litaanzia hapo.

(d) Ikibidi kuchagua kati ya ng'ombe na kondoo, kumbuka kwamba kondoo hubeba mimba miezi mitano tu na ng'ombe miezi tisa. Kundi la kondoo hurudi upesi zaidi. Ndiyo maana wazee hawapendi kuweka mali yote katika aina moja ya mnyama.

Utamjuaje mzee? Fungua mdomo. Ng'ombe na kondoo hawana meno ya mbele katika taya la juu, kwa hiyo tazama taya la chini. Ng'ombe huota meno mawili makubwa ya kudumu akiwa na umri wa miaka miwili hivi, kisha huongeza mawili mawili hadi yanatimia manane akikaribia miaka minne au mitano. Kondoo huanza akipita mwaka mmoja na hutimiza manane akiwa na miaka minne hivi. Yakianza kuisha, kuachana na kung'oka, mnyama huyo hawezi kutafuna nyasi kavu za kiangazi. Atakonda hata kama chakula kipo.

Utajuaje hali yake? Usidanganywe na manyoya, hasa kwa kondoo. Weka kiganja juu ya uti wa mgongo, nyuma ya ubavu wa mwisho, na upapase. Mifupa ikichoma kama meno ya msumeno, umechelewa. Ukiisikia mifupa lakini ina mviringo na nyama pembeni, huo ndio wakati mzuri wa kuuza. Usipoisikia kabisa, mnyama ana mafuta na anaweza kungoja kidogo.

Katika kuchagua mbegu kuna jambo jingine. Wengi wetu tunapenda kondoo wa Dorper kwa sababu hukua haraka na ana nyama. Yeye alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo wa Kiajemi mwenye kichwa cheusi. Kondoo Mwekundu wa Kimaasai ni mdogo kuliko huyo, na watu walimdharau wakamchanganya hadi akaanza kuadimika. Kumbe ana hazina ndani! Miaka ya 1990 watafiti waliwalinganisha hawa wawili huko Diani, Pwani, mahali penye unyevu na minyoo mingi. Kondoo Mwekundu alistahimili minyoo na kuleta faida zaidi. Mahali pakavu, Dorper anaweza kumshinda kwa uzito. Kwa hiyo usiulize tu nani mkubwa. Uliza nani atakayeishi kwako. Na upande wa ng'ombe ni hivyo hivyo: Borana amejengwa kwa jua, kutembea mbali na nyasi kavu. Si lazima tumkimbilie mgeni.

Yote haya yataandikwa wapi? Katika daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe ya kuzaliwa, mama, chanjo, na bei uliyouzia. Kazi hii ni yetu sisi wanafunzi. Baba ana mambo mengi kichwani, nawe una kalamu.

4. KUZAA KWA WAKATI

Dume akiachwa na majike mwaka mzima, wana huzaliwa hata katikati ya kiangazi. Mama hana maziwa, mwana hana nguvu, na wote wawili huondoka. Ukitaka wana wazaliwe Novemba mvua za vuli zikiwa zimeleta majani, kondoo dume aingie kwa majike mwezi wa Juni. Ng'ombe wapandwe Februari. Hesabu ni ile ile ya miezi mitano na miezi tisa.

Mwaka mzima uliobaki, dume atenganishwe. Kama hakuna zizi la pili, Wamaasai wana ufundi wao: humfunga dume kipande cha ngozi chini ya tumbo kinachomzuia kupanda. Atalisha na wenzake na hakuna litakalotokea. Dume abadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, asije akawapanda binti zake mwenyewe.

Mwana akizaliwa, ahakikishwe amenyonya dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, katika saa za mwanzo. Ndani yake mna kinga ambayo hakuna duka linaloiuza. Kitovu kipakwe dawa ya aidini.

5. MAGONJWA: KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Ukame haumwui mnyama peke yake. Humdhoofisha, kisha minyoo na magonjwa yakamaliza kazi. Nami nitataja machache tu.

Minyoo. Kondoo wana mnyoo mmoja mbaya anayekaa katika tumbo la nne na kunyonya damu. Fungua jicho la kondoo, vuta kope la chini utazame ndani. Likiwa jekundu, ana damu ya kutosha. Likiwa jeupe kama karatasi, ameisha, na huenda ana uvimbe laini chini ya taya. Mpe dawa upesi. Usiwanyweshe wote kila mwezi bila kutazama, wala usikadirie dawa kwa macho. Dawa pungufu huwafundisha minyoo kuizoea, na siku ya haja haitafanya kazi. Jua uzito kwanza. Maduka ya dawa za mifugo huuza utepe wa kupimia kifua unaoonyesha kilo.

Kupe na ndigana. Kupe wa kahawia wa masikioni huleta ndigana kali. Mtoki huvimba chini ya sikio, mnyama hupata homa, hukohoa na kufa katika majuma machache. Usiache josho, na dawa ichanganywe kwa kipimo. Kuna pia chanjo inayotolewa mara moja maishani, ambayo daktari huitoa pamoja na dawa ya kuua vijidudu. Ilitengenezwa hapa kwetu Muguga, karibu na Nairobi. Huko huko Muguga ndiko Walter Plowright alikotengeneza chanjo ya sotoka, ugonjwa uliomaliza ng'ombe wa Afrika miaka ya 1890. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetoweka duniani kote. Nani alisema mambo makubwa hutoka ng'ambo tu?

Sotoka ya mbuzi na kondoo. Hii ni ndugu ya ile iliyotoweka, lakini yenyewe bado ipo. Mnyama hutoka makamasi na machozi, hupata vidonda mdomoni na kuhara. Chanjo yake ipo. Kaunti ikitangaza siku ya chanjo, mtoto asitumwe na nusu ya kundi. Wapelekwe wote.

Kimeta. Hapa nitasema kwa sauti. Mnyama akifa ghafla, na damu isiyoganda ikamtoka puani au nyuma, MSIMPASUE. Msile, msichune, wala msiuze ngozi. Ugonjwa huu huua watu, na mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi. Wazuieni mbwa na watoto, mwiteni daktari, na mzoga uchomwe au uzikwe shimo refu. Najua njaa ni njaa, lakini nyama hiyo ni mazishi.

Homa ya Bonde la Ufa. Hii huja baada ya mvua kubwa, mbu wakizidi. Ilitupiga baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, na tena 2006 na 2007. Dalili yake kubwa ni kondoo wengi kuharibu mimba kwa pamoja. Usishike kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe. Huu nao huua watu.

Nikiongeza neno, mnyama aliyedungwa dawa asichinjwe wala kukamuliwa kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kwisha. Anayekula mabaki hayo ya dawa ni mwanao mwenyewe au mwana wa jirani.

6. WAPI: MSAADA ULIPO

Wengi hufikiri msaada ni lori la unga. Lakini mwenye mifugo anahitaji zaidi habari na soko. Nimezipata njia nne.

Kwanza, Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 kame na nusu kame. Hueleza hali ya malisho, maji na bei, na husema kaunti iko hatua gani: kawaida, tahadhari, hatari, dharura au nafuu. Ukisikia "tahadhari", hiyo ndiyo kengele ya kuuza. Wengi hungoja "dharura", na hapo soko limejaa mifupa. Taarifa hiyo imeandikwa Kiingereza kigumu. Hebu fikirini, wanachama wenzangu: chama chetu kingeifasiri kila mwezi kwa Kiswahili chepesi na kuibandika sokoni, tungeokoa ng'ombe wangapi?

Pili, daktari na afisa wa mifugo. Tangu 2013 kazi hii iko chini ya serikali za kaunti. Maafisa ni wachache na eneo ni kubwa, basi wafugaji wakijiunga kikundi humwita mara moja kwa wote, wakagawana nauli na bei ya chanjo. Mtu mmoja mmoja humwogopa kwa sababu ya gharama, akaishia kwa muuza dawa za barabarani.

Tatu, bima. Mwaka 2010 bima ya mifugo ya aina mpya ilianza Marsabit. Haimhitaji mtu aje kuhesabu mizoga. Setilaiti hutazama kutoka angani jinsi nchi ilivyo ya kijani, na ukijani ukishuka chini ya kiwango, waliokata bima katika eneo hilo hulipwa. Mkenya Andrew Mude wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI alipata tuzo ya Norman Borlaug mwaka 2016 kwa kazi hiyo. Mwaka 2015 serikali nayo ilianzisha mpango wake, ikianza na Turkana na Wajir. Si dawa ya kila kitu, maana setilaiti inaweza kuona kijani cha vichaka ambavyo ng'ombe hali. Lakini pesa zikifika mapema hununua nyasi na maji, mnyama akaishi. Uliza kama bima iko katika kaunti yenu, na uulize hulipa lini.

Nne, soko. Kiwanda kile kile cha Athi River kilikuja kuwa cha Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, iliyoanzishwa 1950. Katika ukame wa 2009 na huu wa juzi, serikali ilinunua mifugo iliyodhoofika kupitia KMC. Ni msaada, lakini ni wa mwisho. Kwa kawaida sisi huuza kwa dalali, naye hukadiria kwa macho, na macho yake hayajawahi kukosea kwa faida yetu! Wafugaji kumi wakienda pamoja, wamepima kwa utepe, wanajua bei ya Emali na ya Kiserian, dalali atazungumza lugha nyingine.

Na pesa je? Lile swali la ami bado lipo. Daktari alimshauri azigawe: sehemu ya nyasi na dawa za wale waliobaki, sehemu ya karo, na sehemu iwekwe katika chama cha akiba na mikopo ili mvua ikirudi anunue mitamba. Ami alinunua mitamba minne mwaka 2024. Kabla ya kuwanunua alifungua midomo yao kwanza.

7. HITIMISHO

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Lakini zizi lenyewe likiwa tupu atarejea wapi? Mwaka 1938 watu waliambiwa wapunguze mifugo kwa nguvu, wakakataa, na walikuwa na haki. Leo hakuna anayetuletea kamba. Uamuzi ni wetu, na mwenye uamuzi anahitaji kujua lini, nani na wapi. Wewe unayesoma haya una masikio, kalamu na lugha mbili tatu. Likizo hii ukifika nyumbani, kabla ya kuomba nauli ya kurudi, pita malishoni na daftari. Mwulize mzazi kwa adabu, "Baba, nyasi hizi zitatufikisha lini?" Huenda akashangaa, kisha mkaketi.

MSAMIATI

Mtamba: ng'ombe jike ambaye hajazaa.
Maksai: ng'ombe dume aliyehasiwa.
Dang'a: maziwa ya kwanza baada ya kuzaa.
Josho: mahali pa kuogeshea mifugo dawa ya kupe.
Robota: furushi la nyasi lililofungwa.
Mtoki: uvimbe wa tezi.

ZOEZI

1. Mfugaji ana ng'ombe 8 wa kilo 300 na kondoo 30 wa kilo 35. Atahitaji marobota mangapi ya kilo 15 kwa siku 60?
2. Ukitaka wanakondoo wazaliwe mwanzoni mwa Aprili, dume aingie kwa majike mwezi gani?
3. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka." Eleza jinsi babu alivyoitumia methali hii.
4. Jadilini chamani: ni nani mwenye makosa zaidi mifugo ikifa katika ukame, mfugaji asiyeuza au mshauri anayechelewa?

Majibu ya swali la nne yaletwe kwenye mjadala wa chama. Mimi nitakuwa kiti cha mbele, na nimejiandaa.